Mita ya Mwanga na Uso wa Shangazi Odete

Shangazi Odete aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Huyu ni nani?"

Picha ilikuwa imepigwa na Carlota. Mimi ndiye niliyempeleka kwa pikipiki yangu siku ile, na nilikuwa nimekaa kwenye kigoda barazani nikinywa maji. Nilimwona akijikuna kiganja.

"Ni wewe, shangazi," alisema mwishowe.

"Mimi?" Odete akaitazama tena. "Chumvi naiona. Reki yangu naiona. Kofia ile ya ukindu naiona. Mimi mwenyewe ndiye sijioni."

Alisema kweli. Kwenye picha ile chumvi, ambayo kwa macho ya kawaida ni nyeupe ya kuumiza, ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni. Katikati yake alisimama mtu mweusi tii, hana macho, hana pua wala mdomo, kama amekatwa kwenye karatasi ya kaboni. Filamu nzima ilitoka hivyo, picha zote kumi na mbili.

Odete aliirudisha kwenye bahasha taratibu. "Si kitu, mwanangu. Hata macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Macho yake hayana tatizo lolote. Anaweza kukuambia bei iliyoandikwa dukani akiwa ng'ambo ya barabara. Alisema vile ili Carlota asione haya, na hilo ndilo lililomuumiza Carlota zaidi.

Carlota ni jirani yangu wa kazi pale Chikongola, mjini Mtwara. Mimi natengeneza redio, feni, pasi na chochote chenye waya. Yeye ana studio upande wa kulia wa kibanda changu, ukuta mmoja. Kazi yake kubwa ni picha za pasipoti na za vitambulisho, kutoa kopi, na kuvitia plastiki vyeti vya watu. Ana miaka arobaini na mbili. Wazazi wake walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa wadogo, wakati wa vita vya kule, na baba yake, Valdemar, alikuja kuwa mpiga picha wa kuzunguka na baiskeli vijijini. Alipofariki alimwachia binti yake kamera moja ya zamani ya lenzi mbili, ile unayoining'iniza shingoni na kuitazama kwa juu, pamoja na kopo la biskuti lililojaa negativu, vipande vya filamu zilizokwisha kusafishwa.

Kwa miaka mingi Carlota hakuigusa kamera hiyo. Kisha, miaka miwili iliyopita, kompyuta yake ikafa. Nilijaribu kuiokoa, nikashindwa. Diski ilikuwa imeungua. Humo zilikuwamo picha zote za mama yake, ambaye alikuwa ameshafariki. Hakuwa amezichapa hata moja. Alikuwa akisema atazichapa akipata nafasi.

Siku chache baadaye alilifungua lile kopo la biskuti, akaona negativu za baba yake za miaka ya themanini zikiwa nzima, na mama yake yumo mle, kijana, amekaa juu ya gunia la korosho huko Mpapura. Tangu hapo akaamua kwamba picha za watu anaowapenda atazipiga kwa filamu. Za pasipoti ziendelee na kamera ya kidijitali, ambayo hata hivyo betri yake imechoka na hufanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu. Filamu na dawa za kusafishia huagiza Dar es Salaam, na chumba cha giza alikitengeneza mwenyewe nyuma ya studio, mahali palipokuwa stoo.

Odete ni dada wa baba yake. Kwa miaka thelathini na moja amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, upande wa kule Ruvuma inakoingia baharini, ukishapita Madimba. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye vibwawa vya chini chini, jua linayakausha, na wanawake wanaikwangua chumvi kwa reki za mbao na kuirundika. Mwaka huu ulikuwa msimu wake wa mwisho. Binti yake Faraja, aliyeolewa Tunduru, alishamwambia inatosha, na kwamba mvua zikianza tu atakuja kumchukua wakaishi pamoja. Mvua zikishanyesha mashamba yale hayana kazi tena mpaka mwaka unaofuata.

Katika miaka yote hiyo Odete hakuwa na picha hata moja akiwa kazini. Alikuwa na ya kitambulisho, na chache za harusi za watu wengine, amesimama nyuma. Ndiyo maana Carlota alimwahidi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Carlota alitoka kanisani akaja moja kwa moja kwangu, amebeba zile negativu ndani ya bahasha.

"Kaka Athumani, nipeleke Ufukoni kwa Mzee Idrisa."

Mzee Idrisa alipiga picha za harusi mjini hapa kwa miaka zaidi ya thelathini, tangu mimi nikiwa mtoto. Siku hizi hapigi, mikono inatetemeka. Tulimkuta anapalilia mchicha wake uani. Aliosha mikono, akaitikia shikamoo zetu, akazichukua negativu akaziinua juani. Hakuhitaji hata miwani.

"Ulipima mwanga kwa kitu gani?"

"Kwa simu, mzee. Kuna programu ya bure. Unaielekeza mbele, inakuambia ufungue lenzi kiasi gani na kasi iwe ngapi."

"Ukaielekeza kule alikosimama Odete."

"Ndiyo."

"Na nyuma yake, na chini yake, na kulia na kushoto kwake kuna nini?"

"Chumvi."

"Basi simu yako iliipima chumvi. Haikumpima Odete." Akamrudishia negativu. "Simu haijui kama inatazama chumvi au mkaa. Inaona weupe mwingi, inadhani jua ni kali kupita kiasi, inakuambia bana lenzi. Ukabana. Chumvi ikawa ya kijivu, na mtu mweusi akapotea kabisa. Si kosa lako. Mimi nilimharibu bibi harusi mmoja hivyo hivyo, yeye kavaa shela nyeupe na ukuta mweupe. Baba yake alikuja mpaka dukani."

Akatueleza kwamba zamani alikuwa na mita ya mwanga ya mkononi. Mita yenyewe ilikuwa na kofia nyeupe ya plastiki kama nusu ya mpira wa tenisi ya meza. Huielekezi kwenye kitu unachopiga. Unaisogeza mpaka usoni kwa mtu, unaigeuza itazame kamera, na inapima mwanga unaomwangukia mtu mwenyewe. Nyuma yake pawe na chumvi au pawe na masizi, jibu ni lile lile.

"Unayo bado?" Carlota aliuliza.

"Iliniponyoka majini kwenye feri ya Msangamkuu. Ipo chini huko mpaka leo."

Kisha akamfundisha kanuni ya bure kabisa: jua la mchana likiwa wazi, funga lenzi kwenye namba kumi na sita, na kasi iwe ile iliyo karibu na namba ya filamu, ile iliyoandikwa kwenye pakiti yake. Carlota alisema kanuni hiyo anaijua kwa baba yake, lakini wanawake wa chumvi huanza kazi alfajiri ili walikimbie joto. Saa mbili asubuhi jua liko chini, mawingu yanapita, na nyuso ziko ndani ya kofia. Alishajaribu hata kuipimisha simu kiganja chake badala ya chumvi, ikampa majibu matatu tofauti kwa dakika moja.

"Basi tafuta mita," Mzee Idrisa alisema. "Na usitazame uzuri. Iwe na kofia nyeupe. Itumie betri inayouzwa hapa Chikongola, maana za zamani nyingi zinataka betri ambayo haitengenezwi tena popote. Na anayekuuzia akubali kuitoa juani uione inavyofanya kazi. Akikataa, achana naye."

Carlota alikuwa na laki moja na elfu thelathini aliyoiweka pembeni kutokana na albamu ya harusi aliyoifanya Septemba. Kwa siku tatu mfululizo, kila jioni tulipofunga, alikuja kukaa kwenye benchi langu na simu yake, tunatafuta pamoja. Nilijifunza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria.

Mita mpya za nje, zile kubwa zenye kioo cha namba, kwa bei yake ungeweza kununua pikipiki iliyotumika. Hizo tulizipita haraka. Zipo ndogo mpya, kama kiberiti, za kuchomeka juu ya kamera, na bei yake ilikaribia. Lakini ukiacha usafiri na ushuru, Carlota alisoma maelezo akagundua kwamba nazo hupima kama simu, zinatazama mbele tu. Hazina kofia.

"Itakuwa nimenunua kosa lile lile," alisema, akaufunga ukurasa ule.

Kisha tukaona moja nzuri sana. Ilikuwa na kifuko cha ngozi, namba zake zimechorwa kwa rangi nyekundu na dhahabu, kofia nyeupe ipo, na haitumii betri kabisa. Inajiendesha kwa mwanga wenyewe. Muuzaji alikuwa Arusha, anataka elfu sabini tu. Nakiri mimi ndiye niliyemshawishi. Kwa fundi kama mimi, kifaa kisichohitaji betri ni raha tupu.

Carlota akampigia muuzaji kwa video saa saba mchana, akamwomba atoke nje, aifunike kwa mkono, kisha aifunue. Akafanya hivyo. Mshale ukasogea kidogo, ukasimama, kama mtu aliyeamshwa akalala tena.

"Namba ngapi hiyo, kaka?" Carlota aliuliza.

"Kama nne hivi. Au tano."

Jua la Arusha saa saba mchana lilipaswa kuwa kumi na sita. Carlota akamshukuru, akakata. Jicho la mita ile lilikuwa limeshachoka kwa uzee, na hakuna fundi wa kulirudishia nguvu, hata mimi.

Siku ya tatu ndipo alipompata Godfrey, wa Dar es Salaam. Alikuwa akiuza vitu vya marehemu mjomba wake, mpiga picha. Mita aliyokuwa nayo ilikuwa mbaya kuitazama: plastiki nyeusi iliyopauka, kona moja imepasuka, mfuniko wa betri umeshikiliwa na utepe wa gundi. Lakini kofia nyeupe ilikuwapo, na ilitumia betri moja ya kawaida, ile ya saa ya ukutani. Alitaka laki moja na ishirini.

Alipoambiwa aitoe juani hakukataa. Alisema tu yuko kazini, asubiriwe. Saa nane akatuma video fupi: mkono wake, kivuli chake kwenye lami, na mita ikiwa imewekwa namba ya filamu mia moja kama Carlota alivyomwelekeza. Kioo kikaonyesha kasi mia moja ishirini na tano, lenzi kumi na sita.

Carlota aliicheza video hiyo mara nne. Kisha akatuma hela yote.

Jioni ile ile Godfrey aliandika kwamba mzigo ameupeleka stendi, utaingia kwenye basi la asubuhi. Baada ya hapo simu yake ikazima.

Siku ya kwanza hatukujali. Siku ya pili Carlota alikwenda stendi, akaambiwa hakuna mzigo wenye jina lake. Siku ya tatu alikwenda tena. Simu ya Godfrey ilikuwa bado haipatikani, na ujumbe aliomtumia ulibaki na alama moja ya tiki. Siku ya nne nilifungua mdomo nikitaka kusema jambo, akaniwahi.

"Usiniambie kitu, Athumani. Nimetuma mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alikuwa akikata picha za pasipoti kwa mkasi, na nikaona amekata moja vibaya, kidevu cha mteja kimeondoka. Aliitupa, akachapa nyingine. Mchana Odete akapiga simu. Faraja alikuwa ameshakata tiketi. Atafika Jumatano ya wiki inayofuata. Na kule shambani, msimamizi ameona mawingu upande wa kusini, amewaambia wakwangue haraka kilichobaki.

"Kama hutawahi, usijisumbue," Odete alimwambia. "Tutapiga nyingine Tunduru. Nitakaa kwenye kiti vizuri."

"Nitakuja Jumamosi," Carlota alisema. Alipokata simu akanitazama. "Nimemwambia Jumamosi. Na sina kitu mkononi."

Siku ya tano, Alhamisi, saa nne asubuhi, simu yake ikaita kwa namba asiyoijua. Nilimsikia kupitia ukuta akisema, "Ndiye mimi. Ndiyo. Lindi? Imefikaje Lindi?" Kisha nikasikia kiti kikivutwa, na alipotoka nje alikuwa amevaa kandambili za chumba cha giza, moja nyekundu moja ya bluu, hakujua.

Mzigo wake ulikuwa umeshushwa Lindi kwa makosa pamoja na mizigo ya watu wengine, ukalala ofisini siku tatu mpaka mtu alipousoma vizuri. Sasa uko stendi ya Mtwara. Nilifunga kibanda nikampeleka. Tukiwa njiani, simu ikaita tena, ni Godfrey, sauti imemkauka. Alikuwa amepata msiba Ifakara usiku ule ule, ameingia kijijini kusiko na mtandao, na sasa hivi ndiyo anatoka.

"Dada, najua umenifikiria vibaya," alisema.

"Nimekufikiria," Carlota akamjibu. "Nisamehe. Na pole sana na msiba."

Tuliufungua mzigo kwenye benchi langu. Mita ilikuwa imeviringishwa ndani ya soksi mbili za mtoto, safi. Nikatia betri mpya. Carlota akabonyeza kitufe. Kioo kikabaki kitupu. Akabonyeza tena. Nikageuza betri, nikairudisha. Hakuna kitu.

Sitasahau alivyokaa. Aliweka mikono mapajani akatazama tu barabarani, wala hakulaumu mtu.

"Subiri kwanza," nilimwambia. Hapo tulikuwa kwenye kazi yangu sasa. Niliubandua ule utepe, nikamulika kwa tochi ndani ya tundu la betri, nikaona ile springi ndogo ina kutu ya kijani. Bila shaka betri ya zamani ilikuwa imevujisha, na mtikisiko wa safari ukaikamilisha. Nikachukua siki kidogo kwenye kizibo, mswaki wa zamani, nikasugua. Nikafuta kwa spiriti, nikakwaruza kwa msasa laini mpaka chuma kikang'aa. Nikapima kwa mita yangu ya umeme: njia inapita. Nikarudisha betri.

Kioo kikawaka namba.

Carlota akatoa pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka. Alikwenda kusimama katikati ya uwazi mbele ya vibanda vyetu, jua la saa saba utosini, akaiweka mita kwenye namba ya filamu mia moja, akainua ile kofia nyeupe, akabonyeza. Mia moja ishirini na tano, kumi na sita. Akarudia chini ya bati, akarudia ndani ya studio, kila mahali akiandika kwenye daftari. Kwa kuhakikisha, alikwenda Ufukoni peke yake jioni ile na Mzee Idrisa akaishika, akaizungusha mkononi.

"Mbaya kweli," alisema mzee. "Ni nzuri."

Jumamosi tulifika shambani jua limeshachomoza kwa kama saa moja. Mawingu membamba yalikuwa yametanda, na mwanga ulikuwa laini. Odete na wenzake wanne walikuwa wameshaanza, wamejifunga khanga viunoni na miguu imetapakaa chumvi mpaka magotini. Nyuma yao kulikuwa na mikoko, na marundo meupe yamejipanga mpaka upeo wa macho.

Carlota alimsogelea shangazi yake, akaweka mita karibu na shavu lake, chini kidogo ya ukingo wa kofia.

"Unanipima homa?" Odete aliuliza.

"Nakupima mwanga, shangazi."

"Ninao?"

"Unao. Tulia."

Filamu yake safari hii ilikuwa ya namba mia nne. Mita ikasema kasi mia mbili hamsini, lenzi nane. Kwa kutaka kujua, Carlota alitoa simu na kuielekeza vile vile alivyofanya mara ya kwanza. Simu ikasema kumi na sita. Hiyo ni tofauti ya hatua mbili nzima, yaani simu ilitaka kuingiza robo tu ya mwanga uliohitajika. Nilimwona akisita. Simu ni mpya, ina kioo kizuri. Mita imepasuka kona na imefungwa utepe. Alitazama moja, akatazama nyingine, kisha simu akairudisha mfukoni na kuiweka lenzi kwenye nane.

Alipiga filamu moja tu, polepole. Kila wingu lilipopita alirudi kupima usoni. Mmoja wa wenzake Odete, mama mmoja mcheshi anayeitwa Kasiani, alitaka apimwe hata kama hapigwi, akapimwa. Picha nne zilikuwa za Odete peke yake: akikwangua, akiwa ameegemea reki, akifunga upya khanga yake, na moja akitazama pembeni kwa sababu mtu alimwita. Zilizobaki ni za wote watano. Tuliondoka kabla ya saa nne.

Kusafisha alifanya mchana ule ule. Mimi nilikuwa kibandani nafanya kazi ya feni, lakini masikio yalikuwa ukutani. Nilisikia maji yakifunguliwa, yakifungwa. Nilimsikia akihesabu dakika kwa sauti, anavyofanya siku zote, kwa sababu saa ya chumba cha giza haina taa. Kisha maji tena, kwa muda mrefu.

Kisha akaniita kwa jina, mara moja, sauti ya kawaida kabisa.

Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa nyuma, ameishika filamu mbichi kwa ncha za vidole, inadondosha maji kwenye saruji. Akaniinulia mbele ya anga. Mimi si mtu wa picha, na kwenye negativu kila kitu kimegeuka: chumvi ni nyeusi, na watu weusi ni weupe. Lakini niliona. Ndani ya kofia, mahali ambapo kwenye filamu ya kwanza palikuwa patupu kama dirisha, sasa palikuwa na kitu: paji la uso, mashavu, mistari ya pembeni mwa mdomo, macho mawili.

"Zote?" niliuliza.

"Zote kumi na mbili. Kumi ni nzuri kabisa. Mbili Kasiani amefumba macho."

Aliitundika ikauke, akaiwekea kibanio cha nguo chini isijikunje. Kisha akakaa kwenye ngazi, akavua miwani, akafuta uso wote kwa upindo wa blauzi. Alisema hajala tangu jana jioni na hakujua kwamba ana njaa mpaka dakika ile. Tukaenda kwa mama lishe wa kona ya pili, akala wali na pweza, sahani mbili, akaongeza chai. Muda wote huo hakuzungumzia picha. Alizungumzia korosho, na kanisa, na jinsi pweza wa mwaka huu alivyo laini.

Jumanne jioni, siku moja kabla Faraja hajafika, tulizipeleka. Carlota alikuwa amezichapa kubwa, upana wa daftari, kwenye karatasi nene. Mvua ya kwanza ilishanyesha alfajiri ile, na mashambani chumvi iliyobaki ilikuwa imefunikwa turubai. Odete alikuwa anafunga mabegi. Alinawa mikono kwanza, akaifuta kwenye khanga mpaka ikauka kabisa, ndipo akapokea.

Alizitazama moja moja. Alipofika ile ya kuegemea reki, alikaa kitandani nayo.

"Hili kovu," alisema akigusa kidevu chake kwenye karatasi, "nilijigonga mwaka ule wa mafuriko. Nilidhani limefutika."

"Linaonekana vibaya?" Carlota aliuliza.

"Linaonekana. Vizuri tu." Akaendelea kuitazama. "Nimefanana na kaka yangu. Hapa, kwenye macho. Hujaona?"

Carlota akasogea, akakaa kando yake, akaitazama pamoja naye. Alisema ameona, na kwamba ameona tangu Jumamosi, ila alitaka Odete aseme mwenyewe.

Walikaa hivyo mpaka mjukuu wa jirani akaja kuuliza kama kuku wanauzwa au wanasafiri. Odete akasema majogoo wanauzwa, mitetea inasafiri. Kisha akamwuliza Carlota kama picha inaweza kuwekwa fremu isiyo na kioo, maana barabara ya Tunduru, hata kama ina lami, yeye haiamini. Carlota akamwambia inawezekana. Alikuwa na fremu moja ya plastiki nyepesi kule studio, akaahidi kuileta kabla ya basi kuondoka.

Nilimpeleka Carlota stendi Alhamisi asubuhi, siku moja baada ya Faraja kufika, tukawahi. Odete aliiweka fremu katikati ya nguo zake, akaubana mkoba kwa goti ili ufunge, akapanda pamoja na Faraja. Basi lilipoondoka Carlota alisimama pale stendi kidogo, mikono mifukoni, ametulia. Kisha akaniambia twende, kuna wanafunzi kumi na wanane wa chuo wanakuja saa tatu kupiga picha za pasipoti.